Wanafunzi 184, mshauri mmoja: nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo Profesa. Mimi ni mhadhiri msaidizi katika chuo kikuu cha umma hapa Tanzania, nina miaka miwili kazini. Oktoba mwaka jana nilipewa barua ya kuwa mshauri wa kitaaluma wa wanafunzi 184, mwaka wa kwanza hadi wa tatu. Nilibandika ratiba mlangoni: Jumanne na Alhamisi, saa nane hadi saa kumi. Mwaka mzima wamekuja wanafunzi tisa, saba kati yao wakitaka sahihi. Matokeo yametoka, 11 wamedisko, yaani wameondolewa chuoni kwa kufeli, na sikuwa namjua hata mmoja kwa sura. Mkuu wa idara anasema wanafunzi wa siku hizi hawapendi kushauriwa. Ni kweli? Kama si kweli, nifanye nini, na muda wenyewe sina? Na je, niwape namba yangu ya simu?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Mkuu wako wa idara amekosea, ingawa namwelewa. Wanafunzi wa siku hizi wanashauriwa usiku na mchana, ila si na sisi. Wanashauriwa bwenini, kwenye foleni ya chipsi, na kwenye kundi la WhatsApp la darasa, ambako kaka wa mwaka wa tatu mwenye keri mbili, yaani kozi mbili alizofeli na bado anazibeba, anawaeleza wadogo zake kozi ipi ya hiari ni mteremko na mwalimu yupi anagawa sapu (mitihani ya marudio) kama njugu. Ushauri upo tele. Anayeutoa ndiye hajui kanuni.

Hebu watazame tena wale tisa wako. Saba walikuja kwa ajili ya sahihi, na naona hilo limekuuma. Mimi naona wamekujibu swali lako. Walikuja kwa sababu fomu ilikuwa na tarehe ya mwisho, ilikuwa na nafasi ya jina lako, na bila wewe isingepita. Karatasi uliyobandika mlangoni haina tarehe ya mwisho wala haimtaji mwanafunzi yeyote. Inasema tu kwamba upo.

Kuna na tatizo la jina, ambalo watu hulipuuza. Mwulize mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mshauri wake ni nani. Wengi watakuelekeza kwenye ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, wanakoshughulikia mabweni, nidhamu na serikali ya wanafunzi. Wa mwaka wa tatu atakutajia msimamizi wa utafiti wake. Cheo chako hakipo kichwani mwao. Tena mtoto huyu ametoka kidato cha sita, ambako kuitwa ofisini maana yake umefanya kosa, na kwenda ofisini bila kuitwa ni kujipendekeza. Unamwambia "karibu ofisini wakati wowote", yeye anasikia kitu kingine kabisa.

Kwa hiyo mkutano wa kwanza uende kwao. Muombe mwalimu wa kozi ya lazima ya mwaka wa kwanza akuachie dakika 20 za mwisho wa kipindi, wiki ya pili. Andika jina lako ubaoni. Waambie unachoweza kuwafanyia, na kwa uwazi uleule waambie usichoweza: huwezi kubadili alama, huna fungu la pesa, husikilizi kesi za nidhamu. Ukiwaficha mipaka yako, watakuja kwa matumaini yasiyo yako na wataondoka wakisema huna msaada.

Sasa muda. Unasema huna, nami nakuomba tupige hesabu. Wanafunzi 184 kwa dakika 15 kila mmoja ni dakika 2,760, yaani saa 46. Wewe unakaa saa nne kila wiki mlango ukiwa wazi. Kwa muhula wa wiki 15 hizo ni saa 60. Muda uliotumia kusubiri muhula mmoja ungetosha kumwona kila mwanafunzi wako ana kwa ana na kubaki na saa 14 za kusahihisha. Najua, najua, katika hizo saa 60 ulikuwa unaandika makala yako. Sote tunafanya hivyo. Lakini basi tusiziite saa za ushauri.

Tena huna haja ya kumwona kila mmoja peke yake. Mwaka wa kwanza waone kumi kumi, dakika 45 kila kundi. Kwa wanafunzi 70 hiyo ni saa tano na robo. Wa mwaka wa tatu wanahitaji kitu kimoja tu mwanzoni mwa mwaka: kuhakikishiwa kwamba krediti zao, yaani uzito wa kozi unaohesabiwa kuelekea shahada, zitatimia na hakuna kozi ya lazima iliyosahaulika. Dakika tano kwa kila mtu, ukiwa na karatasi yake ya matokeo mbele yako. Wa mwaka wa pili wenye hali nzuri watumie ujumbe tu. Saa zako nyingi ziweke akiba kwa ajili ya wiki mbili, ambazo ndizo hasa nataka kukueleza.

Ni wiki mbili zinazofuata jaribio la kwanza. Vyuo vyetu vingi hugawa alama 40 za kazi za muhula na 60 za mtihani wa mwisho. Chukua chuo ambako kufaulu ni 40. Mwanafunzi mwenye 20 kati ya zile 40 anaingia mtihani akihitaji 20 kati ya 60, anapumua. Mwenye 10 anahitaji 30, nusu nzima ya mtihani, kwenye kozi ambayo tayari ameonyesha haielewi. Huyu wa pili anajulikana wiki ya sita au ya saba. Tunakuja kumjua Agosti, kwenye orodha ya waliodisko. Hao 11 wako, nathubutu kusema, wengi wao walikuwa wanasomeka kwenye alama za majaribio tangu muhula wa kwanza. Hakuna aliyezitazama kwa mwanafunzi mmoja mmoja. Kila mwalimu aliona kozi yake peke yake: "watatu wamefeli jaribio langu." Kwamba watatu hao ndio waliofeli na kwa jirani, na kwa jirani wa jirani, hilo lingeonekana na mtu mmoja tu, na mtu huyo ndiye wewe.

Hapa utakutana na kikwazo chenyewe, na si wanafunzi. Ni sisi walimu tunaokaa na majaribio kabatini hadi wiki moja kabla ya mtihani. Ushauri wa kitaaluma hauwezi kuwa bora kuliko alama unazozitegemea. Ukitaka kuomba jambo moja tu kwenye kikao cha idara, omba hili: alama za jaribio la kwanza kwa kozi za lazima za mwaka wa kwanza ziwe zimeingizwa kwenye mfumo ndani ya siku 14. Usiombe kwa kozi zote, utakataliwa. Kozi tatu au nne zinatosha. Kisha chora jedwali, majina upande mmoja, kozi upande mwingine, na paka rangi kila alama iliyo chini ya nusu. Mwenye rangi moja mwache. Mwenye rangi mbili au zaidi mwandikie kwa jina lake: "Asha, nina dakika 20 zako Jumatano saa nne na nusu. Huna kosa. Nataka tuangalie majaribio yako pamoja." Yale maneno "huna kosa" usiyaache. Nimejaribu barua zenye maneno hayo na zisizo nayo, na nilijua mwenyewe zipi zinaleta watu.

Anapokuja, zungumza naye Kiswahili. Lugha ya kufundishia tunaijua, na kozi zake atajibu kwa Kiingereza. Ila mtu anayetafuta maneno ya kuelezea aibu yake asipewe na kazi ya kutafuta lugha. Halafu usimwulize "masomo yanaendaje". Atakujibu "namshukuru Mungu, yanaendelea vizuri", kwa sababu ndivyo alivyolelewa kumjibu mkubwa. Uliza vitu vyenye jibu. Jana usiku ulisoma wapi? Kozi gani unaikwepa hata kufungua daftari lake? Unakula wapi mchana? Unalala kwa nani? Swali hili la mwisho limenifungulia mengi. Mwaka mmoja kijana mwenye alama nzuri za kidato cha sita alianguka majaribio matatu. Nikadhani ni starehe. Kumbe hakupata chumba na alikuwa anabebana, yeye na mwenzake kitanda kimoja cha futi mbili na nusu, taa ikizimwa pale wenye chumba wanapotaka kulala. Bumu lake, yaani pesa ya kujikimu ya mkopo, lilichelewa, na la kwanza lilipoingia alituma sehemu nyumbani. Ningemshauri nini, "ongeza bidii"? Tulichofanya ni kutafuta darasa linaloachwa wazi usiku na watu wawili wa kusoma nao, nami nikampeleka mwenyewe kwa afisa mikopo. Nasema nilimpeleka. Sikumwelekeza. Mwanafunzi anayeelekezwa ofisi tatu hufika moja.

Sasa niseme kuhusu sahihi, kwa kuwa nami nina deni. Miaka mingi iliyopita, siku ya mwisho ya kusajili kozi, nilisaini fomu arobaini na kitu asubuhi moja. Kiongozi wa darasa alinikusanyia rundo, nikawa napiga kalamu huku nanywa chai. Mmoja katika rundo lile alikuwa ameacha kozi ya lazima ya mwaka wa pili akidhani ni ya hiari. Hakuna aliyegundua mpaka majina ya wahitimu yalipoanza kuchujwa. Wenzake walivaa majoho, yeye akarudi mwaka mzima kwa ajili ya kozi moja. Baba yake alikuja ofisini akaniuliza kwa upole tu, "Hii sahihi ni ya nani, mwalimu?" Tangu siku ile sisaini bila mwenye fomu kuwepo, na sisaini kabla hajanitajia kwa mdomo wake kozi zake za lazima na krediti zake. Inachukua dakika tatu. Ule mlango waliokuja nao saba wako, basi, ndio mlango wako mzuri kuliko wote. Usiufunge.

Kwenye dakika hizo tatu wafundishe GPA, yaani wastani wa pointi za alama zao. Utashangaa ni wangapi wanafika mwaka wa tatu wakiamini GPA ni wastani wa herufi. Chukua muhula wa krediti 60: kozi tatu za krediti 12 na tatu za krediti 8. Mwanafunzi anapata B+ tatu na C tatu. Kwa mfumo wetu B+ ni pointi 4 na C ni pointi 2. Kama B+ zimeangukia kozi za krediti 8, ana pointi 96 na 72, jumla 168, ukigawa kwa 60 ni 2.8. Kama zimeangukia kozi za krediti 12, ana 144 na 48, jumla 192, hiyo ni 3.2. Herufi zilezile. Mwanafunzi akiliona hilo ubaoni mara moja, hatatumia tena wiki nzima kwenye kozi ndogo anayoipenda huku kozi kubwa ikimlalia.

Na mfundishe kuhesabu kwa kurudi nyuma. Shahada ya miaka mitatu ni krediti 360. Anayetaka kumaliza na 3.5, yaani daraja la pili la juu, na amemaliza mwaka wa kwanza akiwa na 3.1, anahitaji wastani wa 3.7 kwa miaka miwili iliyobaki. Inawezekana. Akingoja hadi mwisho wa mwaka wa pili akiwa na 3.1 ileile, mwaka wa tatu anahitaji 4.3, maana yake B+ karibu kila kozi na A kadhaa juu yake. Hapo unamwambia ukweli. Na yule mwenye ndoto ya kubaki chuoni kama mkufunzi msaidizi, ambako huombwa 3.8, ajue hesabu yake tangu Oktoba ya kwanza. Mimi huwaachia waipige wenyewe kwenye simu zao. Namba aliyoitoa mwenyewe mtu haisahau.

Jambo ambalo linaokoa watu wengi kuliko yote ni kuahirisha masomo, na ndilo wanafunzi wanalolijua kidogo kuliko yote. Msichana mjamzito anayetarajia kujifungua wiki ya mitihani, kijana aliyefiwa na mlezi aliyekuwa akimlipia ada, mgonjwa, aliyelemewa na msongo hadi haamki kitandani: hawa wote wana njia ya halali ya kusimama na kurudi. Njia hiyo ina sharti moja kubwa, kwamba uombe kabla, kwa maandishi, na vielelezo. Anayetoweka kimya kimya akakosa mtihani huhesabiwa mtoro, na mtoro hudisko. Tofauti ya wawili hawa mara nyingi ni barua moja ya kurasa moja na nusu. Jifunze kipengele hicho cha kanuni za chuo chako mpaka ukijue kwa moyo: ombi linaandikwa kwa nani, mwisho lini, muda gani unaruhusiwa, na kurudi kunaombwaje. Kama ana mkopo, asisahau kumwona afisa mikopo kabla ya kuondoka, ili Bodi ya Mikopo ijue yuko wapi. Wanaorudi na kukuta jina lao limepotea huwa wameruka hatua hiyo.

Kuhusu mahali. Nadhani ofisi yako ni ya watu watatu kama zilivyo za wahadhiri wasaidizi wengi, na hakuna mwanafunzi atakayekueleza ujauzito wake mbele ya wenzako wawili wanaosahihisha. Wala usifunge mlango mkabaki wawili. Sheria ya kuzuia rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inataja rushwa ya ngono waziwazi, na wanafunzi wetu wameshasikia ya kutosha kuhusu walimu na milango iliyofungwa. Dawa yangu ni benchi la chini ya mti mbele ya kitivo. Kila mtu anawaona, hakuna anayewasikia. Mvua ikinyesha, maktaba.

Maandishi weka machache: tarehe, mlichokubaliana, siku ya kuonana tena. Habari za ugonjwa au za nyumbani usiziandike kwenye daftari linalolala mezani, na lile jedwali la rangi usilitume kwenye kundi lolote, hata la walimu. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi. Na hata isingekuwepo, darasa lina masikio marefu.

Usije ukadhani kwamba ukifanya haya yote hakuna atakayedisko. Ushauri peke yake una kikomo. Mfano ulio wazi zaidi ninaoujua unatoka vyuo vya jamii vya jiji la New York, ambako mwaka 2007 walianzisha mpango uitwao ASAP. Kila mshauri alipewa wanafunzi 60 hadi 80, wakati wenzao wa kawaida walikuwa wakihudumiwa kwa uwiano wa zaidi ya 600 kwa mmoja, na kumwona mshauri ilikuwa lazima. Wanafunzi waligawanywa kwa kura ili kupima. Baada ya miaka mitatu, asilimia 40 ya walioingia mpango walikuwa wamehitimu, dhidi ya 22 ya wengine. Lakini soma vizuri kilichokuwemo ndani: walipewa pia kadi ya nauli, vitabu, na pengo la ada likazibwa. Mshauri alikuwa na kitu mkononi. Wewe una 184 na huna hata bahasha. Kwa hiyo usijipime kwa namba za watu wenye kadi za nauli, na hapohapo usiache kumkumbusha mkuu wako wa idara kwamba 184 kwa mtu mmoja ni mzigo wa watu watatu.

Mwombe vitu viwili vinavyowezekana. Kwanza, wanafunzi wagawanywe kwa wahadhiri wote, maprofesa wakiwemo, badala ya kumtupia mgeni wa idara. Pili, saa za ushauri zihesabiwe kwenye mzigo wako wa kazi. Ziingize kwenye malengo yako ya PEPMIS, mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi, kwa namba zinazopimika: makundi saba, mazungumzo 30 baada ya jaribio la kwanza. Kupandishwa cheo kwetu kunafuata machapisho, na sitakudanganya kwamba ushauri utakupa uhadhiri. Ndiyo maana nakupa mpango wa saa ishirini na kitu kwa muhula, usiokula makala yako.

Wale kaka na dada wa mwaka wa tatu wanaoshauri bwenini usipigane nao, utashindwa. Chagua sita wenye akili timamu, si lazima wawe vinara wa darasa. Aliyewahi kupata sapu akainuka anafaa kuliko yule ambaye hajawahi kuteleza. Waketishe mchana mmoja, wafundishe kanuni, tarehe na ile hesabu ya GPA, na uwape orodha ya mambo wasiyopaswa kuyabeba wenyewe. Maneno yatatoka bwenini vilevile, ila sasa yatakuwa sahihi.

Na simu. Wape namba, ila ya laini ya pili kama unayo, na useme saa: ujumbe wa maandishi, Jumatatu hadi Ijumaa, kabla ya saa kumi na mbili jioni. Sauti za dakika nne za WhatsApp zinazoingia saa tano usiku usizijibu hata kama umezisikiliza, utazifungulia mkondo. Isipokuwa moja. Akikuandikia mtu kwamba amechoka kuishi, saa yoyote ile, mpigie palepale, usikate mpaka uwe umempata mtu aliye karibu naye kimwili, mwenzake wa chumba au mlezi wa bweni. Namba ya zamu ya zahanati ya chuo na ya ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi ziandike kwenye simu yako leo, kabla hujafungua jedwali lolote.